Kibodi na Kipanya Bila Waya: Je, Vyafaa Nyumbani Mwetu?

Zamani si za mbali sana kompyuta ilikuwa kitu cha ofisi kubwa tu. Mtu wa kawaida aliitazama kwa dirisha, akapita. Siku hizi mambo yamegeuka. Katika miji yetu ya Butembo na Beni twaikuta nyumbani kwa mwalimu, kwa muuguzi na kwa mfanya biashara. Imewekwa juu ya meza ya sebule, imefunikwa kitambaa safi ili vumbi la barabara lisiiharibu. Watoto huandikia kazi zao za shule, na wazazi huandikia barua na hesabu za nyumba.

Pamoja na kompyuta kimeingia chombo kingine kinachopendeza macho: kibodi, yaani ubao wa herufi, pamoja na kipanya chake, vyote viwili bila waya. Wengi kwetu, kwa desturi ya Kifaransa, huviita klaviye na suri. Wenye maduka huviweka mbele kabisa, na kijana apitaye hasiti kusimama na kuvigusa. Lakini je, jamaa yenye mfuko mmoja na mahitaji mengi yafanya vema kuvinunua? Hatutaki kujibu upesi. Sikilizeni kwanza yaliyotokea katika nyumba moja tuijuayo.

SANDUKU LA IJUMAA

Nyumba hiyo iko Butembo. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi; mama hushona nguo kwa cherehani. Binti yao wa kwanza alikuwa akimaliza masomo yake ya juu, akabakiwa na jambo moja tu: kuandika kitabu cha kazi yake ya mwisho, kwa Kifaransa, na kukipeleka kwa profesa wake siku ya Jumatatu. Kibodi ya nyumbani ilikuwa imechoka. Herufi mbili zilikuwa zimekufa kabisa. Mama naye alikuwa ameweka akiba, faranga juu ya faranga, ili kitabu hicho kichapishwe na kujalidiwa vizuri.

Siku ya Ijumaa baba alitwaa sehemu ya akiba ile, akaenda dukani, akarudi na sanduku zuri lenye picha.

"Mwanangu, pokea," alisema. "Sasa utaandika bila kamba za kukusumbua."

"Asante sana, baba," alijibu binti, akalipokea kwa mikono miwili.

Furaha ilikuwa kubwa, lakini haikudumu. Binti alipoanza kuandika aliona kwamba akibonyeza A hutokea Q, na akibonyeza M hutokea mkato. Kijana wa jirani aliitwa, akabadili mpango ndani ya kompyuta. Ndipo A ikarudi kuwa A. Lakini sasa herufi za Kifaransa zenye alama juu yake au chini yake, yaani é, è, à na ç, hazikuonekana mahali popote. Binti akaendelea kuandika bila alama, huku moyo wake ukimwambia kwamba profesa hatakubali. Jumamosi usiku, alipokuwa bado na kurasa nyingi mbele yake, herufi zilianza kuruka, kisha zikakoma. Betri zilizokuja ndani ya sanduku zilikuwa zimekwisha, na maduka yalikuwa yamefungwa. Mama hakusema neno. Alilitazama tu lile sanduku.

Hatusimulii haya ili tumcheke baba yule. Alimpenda mwanawe, na mapenzi hayo ni mema. Kosa lake lilikuwa moja: alinunua kwanza, akauliza baadaye. Basi sisi tuulize kwanza.

SIMU YA UPEPO JUU YA MEZA

Wazee wetu waliposikia kwamba habari zaweza kusafiri hewani bila waya, waliita jambo hilo simu ya upepo. Kibodi hii ni simu ya upepo ndogo. Ndani yake mna mtambo mdogo wa redio. Ubonyezapo herufi, mtambo hutuma ishara, na ishara hiyo hudakwa na kipokezi, kidude kidogo kama ukucha kilichochomekwa katika tundu la USB la kompyuta. Kipanya nacho hufanya vivyo hivyo, na mara nyingi kipokezi kimoja huhudumia vyote viwili. Mawimbi yake ni ya gigahezi 2.4, nayo kwa kawaida hufika mbali kiasi cha mita 10. Hayo yatosha chumba chochote cha nyumba zetu. Kuna na aina nyingine itumiayo Bluetooth, njia ya redio iliyopewa jina la mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10. Kompyuta nyingi za kubeba zina Bluetooth ndani yake, hivyo aina hii haihitaji kipokezi cha pembeni.

Kipanya chenyewe si kitu cha juzi. Mmarekani Douglas Engelbart alikibuni pamoja na wenzake huko California. Cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964, nacho kilikuwa kisanduku cha mti chenye magurudumu 2 chini yake. Tarehe 9 Desemba 1968 alikionyesha mbele ya watu mjini San Francisco. Kiliitwa kipanya kwa sababu waya wake ulifanana na mkia. Leo mkia umekatwa, na mahali pa magurudumu pamewekwa taa ndogo na jicho lipigalo picha za meza zaidi ya 1,000 kila sekunde, ili kujua mkono umekwenda wapi. Ndiyo maana kipanya hupotea njia juu ya kioo au juu ya meza inayong'aa sana: jicho halioni alama yoyote. Dawa yake ni karatasi nyeupe au kipande cha kitambaa, wala haina gharama.

Twaongeza maonyo mawili. La kwanza: bila waya si bila umeme. Wako waliodhani kwamba seti hii itawasaidia umeme ukatikapo. La, hasha! Kompyuta ya mezani yenyewe itazimika kama kawaida, na kibodi itabaki ikizungumza na kiziwi. La pili: mawimbi ya gigahezi 2.4 ni njia ya wengi. Mitambo ya Wi-Fi hupita humo humo, na matundu ya USB ya aina ya 3, ambayo mengi yana rangi ya samawati ndani, hutoa kelele ya redio iwezayo kuvuruga kipokezi kilicho karibu. Ukiona herufi zinaruka ingawa betri ni mpya, usikimbilie kuirudisha seti dukani. Hamisha kwanza kipokezi, ukiweke katika tundu jingine la mbele, mahali kisipofichwa na chuma cha kompyuta.

A IKO WAPI?

Sasa twaja kwenye jambo kubwa kuliko yote kwa mwanafunzi wa kwetu, nalo halihusu waya hata kidogo. Ni mpango wa herufi.

Kibodi zina mipango mbalimbali. Mpango wa Kiingereza huanza juu kwa herufi Q, W, E, R, T, Y. Ulitokana na mashine ya kupigia chapa ya Christopher Latham Sholes, ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza Marekani mwaka 1874. Mpango wa Kifaransa, unaotumiwa Ufaransa na kwa namna yake Ubelgiji, huanza kwa A, Z, E, R, T, Y. Katika huo herufi M hukaa kulia kwa L, na zile herufi zenye alama zina vitufe vyake katika mstari wa tarakimu: é penye 2, è penye 7, ç penye 9 na à penye 0.

Nchi yetu ilitawaliwa na Ubelgiji, na Kifaransa kimekuwa lugha ya masomo ya juu. Butembo ni mji wa wanafunzi. Hapo pana Université Catholique du Graben, iliyoanzishwa mwaka 1989 katika siku za Askofu Emmanuel Kataliko. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anahitaji é yake kila siku. Lakini tazameni njia ya bidhaa. Nyingi hutengenezwa China, hununuliwa huko au Dubai, hushushwa bandarini Mombasa, hupita Kampala, huvuka mpaka wa Mpondwe na Kasindi, ndipo hufika Beni na Butembo. Njia hiyo yote hupita katika nchi zitumiazo Kiingereza. Si ajabu basi kwamba seti nyingi zinazotufikia zina herufi za Kiingereza.

Je, ni hasara? Kwa Kiswahili, hapana. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu yake, na mtu aandikaye Kiswahili peke yake atafanya kazi vizuri kwa mpango wowote. Hata ile alama ndogo ya neno ng'ombe imo katika mipango yote miwili. Lakini kwa Kifaransa ni kikwazo, hasa kwa mtoto ambaye shuleni amefundishwa mpango mmoja na nyumbani anakuta mwingine. Vidole vyake vitajifunza nusu huku na nusu kule, navyo havitapata wepesi kokote.

Ikiwa seti ya Kiingereza imekwisha kununuliwa, dawa ipo. Katika Windows, kompyuta yaweza kuwekwa katika mpango wa Kiingereza cha Marekani unaoitwa wa kimataifa. Hapo herufi hubaki mahali zilipochorwa, na alama za Kifaransa hupatikana kwa kubonyeza mara mbili. Hivyo ndivyo binti wa Butembo alivyookolewa. Siku ya Dominika, baada ya Misa, alifika ndugu ya mama yake, mtu wa Beni mwenye chumba cha kupigia watu chapa.

"Karibu, shemeji," alisema baba, "umetukuta katika shida."

Mjomba alisikiliza habari yote bila kumlaumu mtu. Akachukua rimoti ya televisheni, akatoa humo betri 2 nyembamba, akaziweka katika kibodi. Kisha akabadili mpango wa kompyuta, akamwita binti aketi.

"Bonyeza kwanza ile alama, kisha E."

"Alama ipi, mjomba?"

"Ile unayoandikia ng'ombe, mwanangu."

Binti akabonyeza, akaona é mbele yake. Alama hiyo hiyo ikifuatwa na C huleta ç, na ile alama iliyolala upande wa pili, katika pembe ya juu kushoto, ikifuatwa na A au E, huleta à na è. Mambo hayo alijifunza kwa dakika chache, naye akarudi mwanzo wa kitabu kutia alama zote zilizokosekana.

BETRI ZINAZOKULA FEDHA

Kibodi yenye waya hupata umeme wake kutoka kwenye kompyuta, nao ni kidogo mno. Kibodi bila waya haina mkono huo wa kuilisha. Sharti ipewe betri, yaani mawe kama yale ya tochi. Kwa kawaida kibodi hutaka 1 au 2, na kipanya kadhalika. Wenye viwanda wengine huandika kwenye sanduku kwamba betri za kibodi zitadumu miaka 2 au 3, na za kipanya mwaka 1. Hesabu hiyo hufanywa kwa betri nzuri za alkali na kwa mtu aandikaye kwa kiasi. Kipanya hula zaidi kwa sababu ya taa na jicho lake. Nasi twajua kwamba sokoni betri za bei ndogo ni nyingi kuliko za alkali. Hizo zina nguvu haba, na zikiachwa ndani huku zimechoka huvuja maji makali yanayokula chuma cha mahali pake.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme kwamba kwa betri hafifu kipanya kinamaliza 1 kila miezi 3, na kibodi inamaliza 2 kila miezi 6. Kwa mwaka ni betri 8. Kwa miaka 3 ni betri 24. Chombo chenye waya katika muda huo kingekula betri 0. Mama wa nyumba, anayejua bei ya sabuni na ya chumvi, ataona mara moja maana ya hesabu hii. Bei ya dukani hulipwa mara moja, lakini bei ya betri hulipwa siku zote.

Anayetaka kupunguza gharama atafute betri za kuchajiwa. Nyumba yenye sahani ya jua juu ya paa itazichaji bila kulipa. Nguvu yake ni volti 1.2 badala ya 1.5, lakini kibodi na vipanya vingi huridhika nayo. Kadhalika kipanya kizimwe kwa kitufe cha chini kila jioni, na betri zitolewe nyumba ikisafiri. Na betri zilizokwisha zisitupwe motoni, wala shambani, wala mikononi mwa watoto. Zikusanywe katika kopo mahali pakavu.

ANAYESIKILIZA NJE YA DIRISHA

Jambo la nne wengi hawalifikirii. Sauti ya redio haijui ukuta wala mlango. Kibodi yenye waya husema na kompyuta kwa siri. Kibodi bila waya husema hewani. Ikiwa maneno yake hayakufungwa kwa fumbo, jirani mwenye ujuzi na mtambo wake aweza kuyasoma.

Haya si hofu za bure. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba kibodi za bei ndogo za viwanda 8 zilikuwa zikituma kila herufi waziwazi, na kwamba mtu aliye umbali wa mita 75 hivi aliweza kuzisoma. Mwaka huo huo walionyesha pia kwamba vipokezi vya vipanya kadhaa vilidanganyika: mgeni aliweza kuvitumia kuingiza herufi za uongo katika kompyuta ya mwingine.

Fikirini basi nyumba zetu za mjini zilizobanana, na vyumba vya biashara vilivyopangwa bega kwa bega katika jengo moja. Mfanya biashara huandika neno la siri la benki. Katibu wa parokia huandika barua zenye mambo ya watu. Muuguzi huandika habari za mgonjwa. Mambo hayo ni amana. Anayeyaandika hana haki ya kuyatangaza hewani kwa ajili ya kuepuka waya wa mita moja na nusu. Kwa kazi za namna hiyo itumiwe kibodi yenye waya, au ile ambayo sanduku lake lasema wazi kwamba maneno yake hufungwa kwa fumbo la AES la biti 128, au ya Bluetooth ya kiwanda chenye sifa njema.

VUMBI, CHAI NA MIKONO YA WATU

Tusisahau nchi yetu ilivyo. Wakati wa jua vumbi jekundu huingia kila mahali; wakati wa mvua matope huja na viatu. Kibodi hupenda kukusanya vumbi chini ya vitufe, iwe na waya au isiwe nao. Lakini ile isiyo na waya ina faida moja hapa: huchukuliwa nje kwa urahisi, ikageuzwa, ikapigwapigwa mgongoni na kupanguswa, kisha ikarudishwa. Tena yaweza kuwekwa kabatini baada ya kazi, mbali na mtoto mwenye kikombe cha chai.

Usafi huo si jambo dogo kwetu. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020 nchi yetu ya Beni na Butembo na mahali jirani ilipigwa na Ebola. Watu 3,470 waliugua, nao 2,287 wakafariki. Siku zile tulijifunza kunawa mikono kwenye kila mlango. Tusiache fundisho hilo. Kibodi inayoguswa na mikono ya watu wengi ipanguswe kila siku kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti, baada ya kuzimwa. Maji yasimwagwe juu yake kamwe.

Lakini wepesi wa kuchukuliwa huleta na hatari yake. Kitu kisichofungwa kwa kamba hupotea. Zaidi ya yote hupotea kile kipokezi kidogo, na mara nyingi kikipotea, seti nzima hubaki bubu, kwa maana kila seti huzoeana na kipokezi chake. Vipanya vingi vina mahali pa kukihifadhi, karibu na betri. Kila mmoja wa nyumba na afundishwe mahali hapo.

HUKUMU YETU

Sasa twaweza kutoa hukumu, nayo haitakuwa moja kwa wote.

Kwa nyumba yenye kompyuta moja ya mezani na watoto wasomao, kibodi iwe na waya na iwe na herufi za Kifaransa, kama wanavyoandika shuleni. Kibodi hukaa mahali pamoja. Waya wake haumzuii mtu. Fedha zikibaki, kipanya kiwe bila waya, maana waya wa kipanya huvutwa huku na huku mchana kutwa, hata ukakatika shingoni. Hapo kukosa waya kuna faida ya kweli, na betri ni moja tu.

Kwa mwenye kompyuta ya kubeba ambayo herufi zake zimekufa, seti bila waya ni msaada mzuri, hasa kama husafiri nayo. Hali kadhalika kwa mwalimu au katekista anayeonyesha picha ukutani, naye ataka kutembea kati ya wanafunzi wake huku akigeuza kurasa. Na kwa mzee au mgonjwa asiyeweza kuketi mezani, kibodi itakayowekwa mapajani ni tendo la huruma. Hao wasione haya kuinunua.

Lakini kwa mtu anayeitaka kwa sababu jirani anayo, jibu letu ni la. Nyumba njema si mlango. Meza isiyo na waya haimfanyi mtoto ajue kuandika.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Anayekwenda dukani afanye mambo haya sita, wala asione aibu mbele ya mwuzaji. Kwanza, asome mstari wa juu wa herufi: je, ni A, Z, E au Q, W, E? Pili, aombe sanduku lifunguliwe na seti ichomekwe katika kompyuta ya duka, aandike jina lake lote na ya watoto wake, akibonyeza kila herufi. Tatu, arudi nyuma hatua nne au tano, ajaribu tena. Nne, auulize ukubwa wa betri, kisha auulize betri hizo zapatikana wapi mtaani kwake. Tano, atazame kama sanduku lataja fumbo la kufunga maneno. Sita, aulize siku ngapi amepewa za kurudisha kitu kibovu, na aandikiwe hayo katika risiti. Mwuzaji mwaminifu hatachukizwa. Huyo ndiye atakayerudiwa na wanunuzi.

Mwokozi wetu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, ambaye huketi kwanza na kuhesabu kama ana vitu vya kuumaliza, asije akachekwa akiwa ameweka msingi tu. Fundisho hilo lahusu roho zetu. Lakini mtu anayezoea kuketi na kuhesabu kwa mambo madogo ya nyumba hatashindwa kuhesabu kwa yaliyo makubwa. Baba asinunue peke yake kwa siri, hata kwa nia njema. Aketi na mama, na mtoto aitwe aseme anachohitaji kweli.

Na yule binti? Alimaliza Dominika usiku, kwa betri za rimoti na kipanya cha zamani chenye mkia. Jumatatu kitabu kilimfikia profesa, alama zote zikiwa mahali pake, lakini kurasa zilikuwa zimeshikwa kwa uzi wa cherehani ya mama, kwa kuwa fedha za kujalidi zilikuwa zimeingia katika sanduku lile. Profesa alikipokea. Mama alishona nguo nyingine mbili, ndipo kitabu kikapata jalada lake.

Siku hizi katika nyumba hiyo kibodi bila waya haikutupwa. Baba huichukua shuleni anapowafundisha wanafunzi, nayo yamfaa sana. Juu ya meza ya sebule pana kibodi yenye waya na herufi za Kifaransa. Waliichagua watatu pamoja, siku ya soko, baada ya kuijaribu herufi kwa herufi.